Nyumba Paka Nje Yote

Ujumbe wa Nizar kutoka Maskati ulimkuta mama yake, Bi Thuraiya, barazani kwake Tibirinzi anachambua mchele. Kwa heshima ya mwanawe aliuweka ungo chini, akaifuta miwani kwa upindo wa kanga, akasoma kwa sauti kubwa ili jirani yake Siti, aliyekuwa akianua nguo ng'ambo ya kichochoro, asikie kwamba wako watu wana watoto nje.

"'Mama shkamoo. Hela tayari kachukue. Nyumba paka nje yote. Rangi maziwa. Waya wa mbu. Haraka wageni wasikute aibu. Salamu Alya.'"

Nizar alikuwa dereva wa gari la maji huko, na desturi yake ni kuandika injini ikiwa inanguruma. Maneno yake yakifika Pemba yamebaki mifupa mitupu. Nyama ujitilie mwenyewe.

Wageni waliotajwa walijulikana mtaa mzima. Mzee Msellem wa Wete na mkewe Bi Rumaitha walikuwa waje kabla ya mfungo kumposa Alya, binti wa Bi Thuraiya, kwa kijana wao Haitham aliyekuwa na duka la dawa. Vijana wenyewe walishapendana zamani, lakini hilo halihesabiwi. Bi Rumaitha alikuwa ametanguliza maneno mawili, nayo yalifika kabla yake, kama yanavyofika maneno. La kwanza: "Sie hatuposi mtu peke yake, twaposa na nyumba, na nyumba huanza nje." La pili: "Mke wa Haitham hatopanda gari kwenda kusomesha Gando. Atatulia Wete."

Alya alikuwa akisomesha darasa la kwanza Gando, akilala huko siku za kazi na kurudi kwao kila Ijumaa. Alimtaka Haitham, na Gando aliipenda. Alivitaka vyote viwili, wala hakuona kwa nini mtu alazimishwe kuchagua kana kwamba yuko kwenye foleni ya sukari.

Na nje ya nyumba ya Bi Thuraiya, tuseme kweli, palikuwa na maneno. Ilikuwa nyumba ya mawe na chokaa, ya watu waliokuwa na mashamba ya mikarafuu enzi zao, na siku hizi wamebaki na majina marefu. Plasta ya mbele ilikuwa imebanduka bonge zima, ikaacha umbo kama ramani ya Afrika, na wapita njia walishazoea kuelekezana kwa ramani ile: "Ukifika nyumba ya Afrika, pinda kushoto."

"Nyumba paka," Bi Thuraiya alirudia. "Nje yote. Kumbe anataka nyumba ya paka."

Siti aliitoa pini ya nguo mdomoni. "Hebu rejea, Bi Thuraiya. Si kasema nyumba ipakwe? Ipakwe rangi ya maziwa, nje yote?"

Bi Thuraiya aliishusha miwani mpaka nchani mwa pua, mahali anapoiweka akitaka kumwona mtu mdogo.

"Siti. Mwanangu, niliyemlea kwa mikono hii, aniambie mie mama yake 'paka'? Paka! Kama anamwamrisha kibarua wa gatini? Angetaka ipakwe angesema, 'Mama, naomba, ukijaaliwa, nyumba ipakwe.' Nizar adabu kaitoa humu ndani, hakuiokota njiani."

"Lakini mtu akiwa na haraka..."

"Angalau angesema 'pakeni'. Huyu kaandika 'paka'. Na paka nnaye."

Alikuwa naye kweli. Paka mwenyewe aliitwa Karani, kwa kuwa alikuwa mnene, hafanyi kazi, na haonekani ila panapopakuliwa. Sikukuu iliyopita, Nizar alipokuja likizo, Karani alipanda juu ya sinia la wageni akaondoka na kichwa cha nguru mbele ya watu wazima, taratibu, bila hata kukimbia. Nizar alitoka jasho. "Mama," alisema siku ile, "huyu paka iko siku atatutia aibu."

Basi aibu ile ndiyo hii. Bi Thuraiya aliona neno limekaa mahali pake.

"Mpigie umuulize," Siti alisema.

"Nimpigie ajue mama yake hajui kusoma? Nimemaliza darasa la saba mie, tena na cheti."

Siti alichukua kapu lake la nguo akaingia ndani. Alikuwa mtu mpole, lakini kucheka kwake kulisikika mpaka uani.

*

Kwa mambo ya Uarabuni palikuwa na mtu wa kuulizwa, naye ni Ami Thuwein, shemegi wa Bi Thuraiya na ami wa Alya, aliyekuwa akisimama mahali pa marehemu kaka yake kila panapotakiwa mtu wa kusimama tu. Ujanani alikaa Maskati msimu mmoja, akilinda ghala la tende, na tokea hapo hakuna jambo la ng'ambo lililompita. Alikisoma kile kijumbe mara moja, akakirudisha kama hakimu anavyorudisha faili.

"Shemegi, hili jambo wazi. Maskati siku hizi paka ana nyumba yake. Nje, ya waya. Hapotei, hapigani, hazururi. Mtu akija kuposa akamkuta paka wako anazurura, atasema na binti wa hapa yuko vivyo hivyo."

"Na waya wa mbu, shemegi?"

"Paka wa sasa wanaumwa homa."

"Na 'rangi maziwa'?"

"Hapo pana kituo, ila hakukitia. Rangi, kituo. Maziwa, kituo. Nyumba itiwe rangi, paka anywe maziwa. Sisi tuliosoma zamani vituo tunatia wenyewe."

Bi Thuraiya alifikiri. "Basi n'taitia rangi ya maziwa, iwe vyote viwili."

"Umemaizi," alisema Ami Thuwein, akavuta kikombe cha kahawa karibu.

Hela zikachukuliwa, na fundi akaitwa. Fundi alikuwa Kificho, na jina na mtu walikuwa hawajaonana: Kificho hakuwahi kuficha neno tangu azaliwe. Bi Thuraiya alimuuliza kama aliwahi kujenga nyumba za paka.

"Nyumba za paka!" Kificho alicheka kwa huruma. "Bi Thuraiya, mwulize mtu yeyote Chake. Mangapi! Ya waya, ya mbao, ya ghorofa."

Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa anazungumzia mabanda ya kuku, na la ghorofa lilianguka.

Aliizunguka nyumba na futi yake shingoni, akasimama chini ya upenu wa mbele, ule wa mabati uliofunika baraza na mlango, akatazama juu. Boriti zilikuwa zimeliwa na mchwa mpaka zimekuwa kama mkate wa mofa wa juzi.

"Huu upenu, Bi Thuraiya, mtu akipiga chafya tu unakuja chini."

"Basi hapa hapapigwi chafya."

"Na ukuta huu wa Afrika?"

"Ukuta haukutajwa. Wewe fanya kilichokuleta."

Kificho akafanya. Kipimo hakukitoa kwa paka, alikitoa kwake mwenyewe. "Mie sijengi mahali nisipoweza kusimama," alisema, na kwa kuwa alikuwa mrefu, nyumba ya paka ikawa ndefu. Alimwaga sakafu ya saruji mbele ya baraza akaisugua mpaka ikang'aa. Akasimamisha nguzo mpya, akazungusha waya wa kuku nje na waya wa mbu ndani, akaezeka mabati yanayomeremeta. Pembeni akatia vibao vya paka kupandia, na chini, ndani ya waya, akaacha kibaraza kidogo cha paka kupunga upepo. Mwisho akatia mlango wenye komeo la chuma kwa nje, linalojiangukia lenyewe mlango ukijibamiza.

"Komeo hili," alisema akilipiga kwa kidole, "paka hata awe na digrii hafungui."

Ukuta wa chini na nguzo zote zikapakwa rangi ya maziwa mikono miwili. Jua lilipopiga, nyumba ya paka iling'aa kama jino la dhahabu kwenye kinywa cha mzee. Nyumba ya watu nyuma yake ilizidi kuonekana pengo.

Mtaa ulikuja kutazama. Mzee mmoja alisogea mpaka kwenye waya akauliza hapa mtaanza lini kutoa pesa, maana alidhani ni kibanda cha wakala wa simu. Mwingine aliuliza kodi. Bi Thuraiya aliwajibu kwa upole wa mwenye nacho: "Cha paka, bwana. Ndo mambo ya sasa."

Karani mwenyewe aliingizwa kwa heshima, na bakuli la maziwa mbele yake. Aliyanywa maziwa. Kisha akawapa mgongo, akakaa uso kwenye waya, akalia sauti moja ndefu kama mtu aliyenyimwa dhamana. Mlango ulipofunguliwa alitoka, akaenda kulala juu ya gunia la unga mahali pake pa siku zote, na hakurudi tena.

Bi Thuraiya alimwandikia mwanawe: "Nyumba ya paka tayari. Imependeza."

Nizar aliisoma akiwa kwenye usukani. Akaona "yapakwa", akadhani mama yake vidole vimeteleza. "Mashaallah Mama. Rangi imeshika?"

"Imeshika."

"Na waya?"

"Waya wa mbu kila upande."

"Umemaliza kazi Mama. Allah akuweke."

Bi Thuraiya aliuonyesha mtaa mzima ujumbe ule, na Siti alionyeshwa mara mbili.

*

Ijumaa Alya alirudi kutoka Gando, akasimama nje bila kupiga hodi.

"Mama. Hiki nini?"

"Nyumba ya paka. Kasema kaka yako."

"Kasema nini? Nipe nione."

Alya alisoma. Akasoma tena. Kisha akakaa barazani akacheka mpaka mtandio ukamdondoka, akawa anaupapasa chini bila kuuona kwa machozi.

"Mama! 'Paka' hapa ni kupaka! Kupaka rangi! Nawasomesha watoto kila mwaka: paka anakunywa maziwa, paka rangi ukuta. Wanakosea wakiwa na miaka sita, Mama!"

Hakuna aliyecheka naye. Alya alipoinua uso alimwona mama yake amekaa wima, mikono mapajani, anatazama mbele kama mtu aliyefika msibani akakuta kumbe wa kwake.

"Kwa hivyo kaniamrisha," alisema Bi Thuraiya.

"Nani?"

"Nizar. Kaniambia 'paka'. Mie. Kama kibarua wa gatini."

"Alikuwa na haraka, Mama."

"Haraka ya herufi mbili? Pakeni. Hesabu mwenyewe, herufi mbili zaidi. Nilimchukua tumboni, nikamchukua mgongoni, hana herufi mbili za kunipa?"

Alya akaacha kucheka. Alisogea akakaa karibu na mama yake, bega kwa bega, na wote wawili wakawa wanatazama nyumba ya paka, maana hapakuwa na pengine pa kutazama palipopendeza.

"Hela zimebaki?" Alya aliuliza.

"Zimesimama pale. Na mabati juu."

"Tumwambie kaka ukweli?"

"Umwambie nini? Kwamba mama yake kajenga kasri la paka? Mtoto wa watu yuko juani anauza jasho lake. Wageni wanakuja keshokutwa. Wakishaondoka, n'tajua la kusema."

Katika kopo la rangi palikuwa na masazo. Alya aliyachanganya na maji, akafunga kanga kifuani, akaanza kupaka kutoka mlangoni kwenda kushoto. Rangi ikafika dirishani ikaisha. Nusu ya nyumba sasa ilikuwa ya maziwa na nusu Afrika, na Afrika kwa jirani mweupe vile ilizidi kuwa kubwa.

Ami Thuwein alikuja kukagua. "Hapana neno. Wageni tutawakalisha hapa, wakielekea nusu hii. Ile nusu nyingine tutatundika jamvi. Mtu akiuliza, tunalianika."

"Jamvi linaanikwa ukutani, Ami?"

"Siku ya posa linaanikwa popote."

"Na lile neno langu la Gando?" Alya aliuliza. "Naomba lisemwe mbele yao. Nikiolewa niendelee kusomesha. Haitham kakubali, anamwogopa mama yake tu."

"Mambo ya kazi hayatajwi siku ya posa," mama yake alisema. "Ingia kwanza. Ukishaingia utazungumza."

"Nikishaingia nitaambiwa nishaingia."

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," alisema Ami Thuwein akijigonga kifua. "Neno hilo nitalisema mie. Ami yako nipo."

*

Jumapili mawingu yaliamka mapema kuliko watu. Mzee Msellem na Bi Rumaitha walifika baada ya adhuhuri. Mzee alikuwa na mafua ya masika na leso mkononi. Bi Rumaitha alikuwa na mwavuli mweusi wenye mpini wa pembe, nao alikuwa akiutumia kuonyeshea.

"Asalamu alaykum. Hapa ndipo? Tumeambiwa nyumba ya Afrika, mbona siioni?"

"Imeanikwa," alisema Ami Thuwein, na kanzu ikampwaya kwa fedheha.

Bi Rumaitha aliunyoosha mwavuli kwenye jamvi, halafu kwenye nusu ya maziwa, ambayo mbichi mbichi bado ilikuwa inanuka. Alikuwa na macho ya mtu anayenunua samaki jioni. Bi Thuraiya alijua sasa linakuja, akaikaza kanga.

Lakini mwavuli ukageuka, ukasimama kwenye waya.

"Haya! Hichi kijumba hichi kizuri. Bati jipya, sakafu ya kung'aa, waya wa mbu... Cha nini, dada yangu?"

Karani alikuwa juu ya ukuta wa uani anajilamba, naye alitulia kidogo kusikiliza.

"Cha kupumzikia," alisema Bi Thuraiya.

"Nilijua! Mambo ya Maskati hayo. Nilimwambia Mzee, watu hawa wana mtoto nje, lazima waende na wakati. Na vile vibao?"

"Vya vikombe," alidakia Ami Thuwein.

"Na kile kibaraza kidogo kule chini?"

"Cha viatu."

Wakakaa barazani, chini ya upenu. Alya alikuwa jikoni uani na kahawa, halwa na sambusa, kama inavyotakiwa binti anayeposwa: karibu ya kutosha asikie, mbali ya kutosha asijibu. Mvua ikaanza kidogokidogo, halafu ikakumbuka kuwa ni masika.

Mzee Msellem alitoa sala ya Mtume, akashukuru, akasema wamekuja kuomba ujamaa. Ami Thuwein akajibu kwamba ujamaa upo, wao ni watu wa mashamba na majina, akataja mababu saba. Alipofika wa saba Bi Rumaitha alimkata.

"Tumesikia, sheikh. Sie neno letu moja tu: binti akija Wete, akae Wete. Mambo ya Gando yaishe. Au vipi?"

Ami Thuwein alifungua mdomo. Jikoni Alya aliacha kumimina kahawa.

"Hapana shida," alisema Ami Thuwein. "Hapana shida hata kidogo."

Hapo Mzee Msellem, aliyekuwa akijizuia tokea babu wa tatu, alishindwa, leso haikumsaidia. Akapiga chafya, na ilikuwa chafya ya mtu mzima mwenye kifua chake.

"Alhamdulillahi," alisema.

"Yarhamuka..." alianza Ami Thuwein, lakini upenu ulimtangulia kujibu.

Kwa bahati haukuja kwa pupa. Ulilia kwanza pembeni, ukainama kama mtu anayerukuu, ukawapa nafasi wazee wanne kuokoa roho zao na viatu vibaki. Kisha bati, boriti, mchwa na maji ya masika vikashuka pamoja, vikaziba mlango wa nyumba kabisa. Jamvi likafuata. Afrika ikatokea, ikiwa mbichi, na sasa imeongezeka kisiwa cha Bukini, ile Madagaska.

"Ingieni, ingieni!" alipiga kelele Bi Thuraiya, na pa kuingia palikuwa pamoja tu.

Wakaingia wote wanne nyumba ya paka. Upepo ukasukuma mlango ukajibamiza nyuma yao, na lile komeo la Kificho likaanguka mahali pake, tang!

Ndani palikuwa pakavu. Kificho Mungu amsamehe mengine, lakini bati hakulikosea. Mzee Msellem alikaa kwenye kibaraza cha paka, magoti yamegusa kidevu. Bi Rumaitha alisimama katikati akishika waya kwa vidole, na Ami Thuwein alitafuta pa kuweka uso. Karani alishuka ukutani, akapita mbele yao mkia juu, akaingia chini ya mabati yaliyoanguka mahali pakavu, akakaa akawatazama waliomo ndani ya waya.

"Thuwein, fungua," alisema Mzee Msellem.

"Linafunguliwa kwa nje, sheikh."

"Mlango gani wa kupumzikia unafungwa kwa nje?"

Macho ya Bi Rumaitha yakashuka sakafuni, yakakuta bakuli limekauka maziwa. Yakaenda kwenye vibao visivyo na vikombe. Yakaenda kwa Karani.

"Subhanallah," alisema polepole. "Bi Thuraiya. Hii ni nyumba ya paka?"

Bi Thuraiya alimtazama usoni. Alikuwa amechoka kuona haya tokea Ijumaa, na kuona haya nako kuna mwisho wake. "Ndiyo, dada. Karibu sana."

Alya alikuwa ametokea mlango wa uani, akazunguka nyumba na sinia mkono mmoja. Barazani aliuona mwavuli wa mpini wa pembe, akauokota, akaufungua, akaja nao mpaka kwenye waya. Alisimama pale ametulia, mwavuli wa mkwe juu ya kichwa chake, na kahawa inafuka moshi.

"Poleni, wazee wangu. Hamkuumia?"

"Hatukuumia, mwanangu," alisema Bi Rumaitha. "Tufungulie."

"Nawafungulia, mama." Alya aliangalia komeo, asiliguse. "Samahani tu, nilitaka kumuuliza Ami. Lile neno langu umeshalisema?"

Ami Thuwein alikohoa. Bi Thuraiya alimtazama binti yake kupitia waya, akataka kumkemea, akamwona alivyosimama, akaacha.

"Neno gani?" aliuliza Mzee Msellem.

"La Gando, baba. Naheshimu nyumba yenu, na Haitham namridhia. Lakini nina watoto kule wanaanza kuunganisha herufi. Nikiwaacha wataandika ujumbe bila vituo." Hapo mama yake alitazama chini. "Nataka niolewe na nisomeshe. Asubuhi niende, jioni nirudi Wete, na chakula nitapika."

"Mambo hayo huzungumzwa ndani, mwanangu, si njiani," alisema Bi Rumaitha, sauti imekazika.

"Ndani ndiyo humo, mama."

Mzee Msellem alitoa mlio, ukawa si chafya wala si kikohozi. Mkewe alimgeukia kwa ukali, akakuta mabega yake yanatikisika.

Ng'ambo ya kichochoro dirisha la Siti lilikuwa wazi, Siti mwenyewe yumo, na simu ameishika juu kama mtu anayetafuta mtandao. Nyuma ya Siti wanawake wengine. Chini ya upenu wa duka watu waliojikinga mvua walikuwa wamegeuka wote upande mmoja.

"Wanatuangalia," Bi Rumaitha alinong'ona. "Msellem. Watu wanatuangalia, tuko kama kuku wa mnada."

"Basi sema, mama Haitham. Mimi nishasema moyoni tokea zamani. Yule kijana wako ananiuliza kila siku, na mimi namjibu muulize mama yako."

Bi Rumaitha alimtazama huyu binti aliyeshika mwavuli wake. Hakuwa ametukana. Hakuwa amepaza sauti. Sinia halikuwa limemwagika hata tone. Kama ni mkwe wa kukaa naye nyumba moja, huyu alikuwa hatari. Na kama ni mkwe wa kwenda Gando asubuhi akarudi jioni, pengine nafuu.

"Asomeshe," alisema.

"Sijasikia vizuri, mama, mvua," alisema Alya kwa adabu.

"Asomeshe! Asomeshe Gando, asomeshe na kondoo wa Gando! Tufungulie!"

"Ami umesikia?"

"Nimesikia," alisema Ami Thuwein, aliyefurahi kwamba ameulizwa jambo analoliweza.

"Basi someni Fatiha kabisa, wazee wangu, na baraka ya mvua hii."

Wakainua mikono. Mle mle ndani ya waya, mzee mmoja amejikunja kwenye kibaraza cha paka na kanzu mbili zimerowa mpaka magotini, wakaisoma Fatiha ya Alya na Haitham. Wakapiga amin, na chini ya upenu wa duka watu waliitikia. Alya akaweka sinia chini, akaliinua komeo kwa kidole kimoja. Likainuka laini, kama Kificho alivyoapa.

Bi Rumaitha alitoka wa kwanza. Alinyoosha mkono aupate mwavuli wake. Alya akamfunika nao kwanza, akahakikisha bega lote limeingia, ndipo akamwachia mpini.

"Halwa, mama?"

"Nipe," alisema Bi Rumaitha. Akala kipande, akatafuna sana, akakitazama kile kijumba. "Na fundi wake nipeni jina. Kwangu nina paka wanne."

*

Picha ya Siti ilifika Maskati kabla ya alasiri, maana picha ya namna ile haingoji gari. Wageni walikuwa wameondoka, mvua imepungua, na Bi Thuraiya alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya paka, pakavu pekee palipobaki nje, Alya anamsuka. Simu ililia mapajani mwake.

"Mama. Nimeona picha. Nyumba mbona haijapakwa. Na wageni mbona mmewatia ndani ya waya."

"Unamjibu nini?" Alya aliuliza, kitana mkononi.

Bi Thuraiya aliifuta miwani kwa upindo wa kanga. Alifikiri kuhusu mchwa, na chafya, na Fatiha. Alifikiri kuhusu herufi mbili. Yote hayo yangeandikika, na mtoto angestahiki kuelezwa, lau angekuwa mtoto anayeeleza. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kwa ufupi ule ule mwanawe anaoupenda, bila salamu na bila kituo:

"Mbu"